Kufa, Kufiwa na Kuusia: Rai juu ya Lugha ya Uzee na Mauti katika Kiswahili

Utangulizi

Katika ufundishaji wa semantiki na isimujamii ya Kiswahili, imekuwa desturi kuyaweka maneno yahusuyo kifo katika fungu moja na maneno yahusuyo haja, sehemu za siri na tendo la ndoa. Mwanafunzi huambiwa kwamba kufariki, kuaga dunia, kutangulia mbele ya haki na mengineyo ya aina hiyo ni tasfida, yaani maneno ya adabu yanayotumika badala ya neno kufa ili kumwondolea msikilizaji hofu au karaha. Maelezo hayo hayana kosa, lakini hayatoshi. Yanaonyesha kwamba mzungumzaji analikwepa neno fulani. Hayaonyeshi anakimbilia wapi anapolikwepa.

Madhumuni ya makala haya ni kutetea rai kwamba lugha ya mauti katika Kiswahili si pazia la kuficha jambo, bali ni jibu ambalo wazungumzaji wake wamelitoa kwa swali linalomkabili kila mwanadamu: maisha yanayokwisha yana maana gani? Jibu hilo, kwa muhtasari, ni kwamba kifo si tukio la mtu mmoja. Maana yake huwa baina ya anayeondoka na anayebaki. Ikiwa rai hii ni sahihi, basi uzee nao hupotewa na maana, si pale nguvu za mwili zinapopungua, bali pale mzee anapokosa mtu wa kumwambia neno. Jambo hilo lina uzito kwa jamii, na lina uzito wa pekee kwa wataalamu wa Kiswahili, ambao kazi yao ni kuwasikiliza watu wasemao.

Sarufi ya kifo

Kitenzi -fa ni cha asili ya Kibantu na hakichukui yambwa. Anayekufa hufa peke yake katika sentensi: Mzee amekufa. Hata hivyo, kitenzi hicho hunyambulika kuwa -fia, na kutoka hapo kuwa -fiwa. Mwanamke amefiwa na mumewe. Katika sentensi hii mke, ambaye katika Mume amekufa hakuwa na nafasi yoyote, amepanda na kuwa kiima. Naye mume, aliyekuwa kiima, amesukumwa nyuma ya kitenzi. Tukio ni lile lile, ila mwenye kupatwa nalo amebadilika. Mnyambuliko wa namna hii si wa kifo peke yake, kwa kuwa mtu hunyeshewa na mvua na huendewa na wageni. Lakini katika kifo umezaa jina kamili la kijamii, mfiwa, lenye haki na wajibu wake: kupewa mkono wa pole, kukaliwa matanga, kuletewa rambirambi. Ndugu wa Kiswahili nao wana muundo huo. Kizulu kina ukufelwa kwa maana ya kufiwa, na kutokana na shina hilo mjane wa kike huitwa umfelokazi. Kiingereza, kwa upande mwingine, humtaja mfiwa kwa neno ambalo asili yake ni kunyang'anywa. Lugha moja humwona kama mtu aliyeporwa. Nyingine humwona kama mtu ambaye kifo kimempata yeye mwenyewe kwa njia ya mwenziwe.

Hali kadhalika, maneno yaliyoingia kutoka Kiarabu yamechaguliwa, au yamedumu, kwa kufuata mwelekeo huo huo. Kufariki asili yake ni kutengana, na kutengana hakuwi kwa mtu mmoja. Marehemu ni aliyerehemewa. Neno hilo linamdai mwenye kurehemu. Kuaga kwahitaji wa kuagwa. Kutangulia hakuna maana pasipo wale watakaofuata. Kila moja la maneno haya, ambayo vitabu huyaita tasfida, lina mshiriki wa pili ndani yake, ama ametajwa ama amefichika. Neno kufa peke yake ndilo lisilokuwa naye. Basi anayesema kufariki badala ya kufa haondoi tu ukali wa habari; anairudishia habari hiyo watu wake.

Uthibitisho mwingine hupatikana upande wa pili, katika misimu ya mitaani. Mtu husemwa kwamba amededi, amedanja au amekata kamba. Hapo marehemu yu peke yake, mfano wa mnyama aliyekatika kambani, wala hakuna amwagaye. Ndiyo sababu misimu hiyo huweza kusemwa juu ya mtu wa mbali au adui, lakini haisemwi mbele ya wafiwa. Kinachoudhi si kutajwa kwa kifo, maana neno kufa lenyewe hutajwa msibani bila ya kosa. Kinachoudhi ni kumtaja maiti kana kwamba hana mtu.

Neno moja lililosafiri njia hii laonyesha jinsi maana inavyoweza kumomonyoka. Ajali katika asili yake ya Kiarabu ni muda uliowekwa, kikomo alichopangiwa mja na Mola wake. Maana hiyo ingali hai katika kauli kama ajali yake imefika. Lakini katika matumizi mengi ya leo ajali ni gari lililopinduka, jambo lisilotarajiwa na lisilopangwa na yeyote. Neno lililokuwa na mwenye kuweka kikomo limebaki bila ya mwenyewe. Majibu mawili yanayopingana kwa swali moja, kwa nini huyu amekufa, yanakaa katika neno moja, na wazungumzaji huhama kutoka hili hadi lile kwa kufuata haja ya saa ile.

Katika falsafa ya Ulaya ya karne ya 20, rai iliyopata nguvu sana ni ile ya Martin Heidegger, aliyeshikilia katika kitabu chake cha mwaka 1927 kwamba kifo cha mtu ni chake mwenyewe, hakichukuliwi na mwingine kwa niaba yake, na kwamba kukikabili humtenga mtu na wote walio karibu naye. Sehemu ya kwanza ya rai hiyo haina ubishi. Hakuna amfaye mwenziwe kwa maana ya kumwondolea zamu. Lakini Kiswahili husema pia mtoto amemfia mikononi, na kisemwapo hivyo hakuna asiyefahamu kwamba watu wawili wamepatwa na jambo. Lugha haithibitishi falsafa. Yaweza hata hivyo kuonyesha kwamba falsafa fulani imeanzia katika sentensi yenye kiima kimoja tu.

Wosia kama jibu

Ikiwa sarufi humpa mfiwa nafasi ya mbele, fasihi imempa nafasi hiyo anayeondoka. Chombo chake ni wosia. Tenzi mashuhuri zilizotoka katika visiwa vya kaskazini mwa pwani ya Kenya zinatosha kuwa mfano. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliyatazama magofu ya Pate, majumba yaliyobaki makazi ya popo na buibui, akauliza walikokwenda waliokuwa wakiyakaa. Utenzi huo mara nyingi husomwa kama mawaidha juu ya ubatili wa dunia, na ndivyo ulivyo. Lakini ni muhimu kuangalia anayesemezwa. Mshairi anausemeza moyo wake. Hata pale ambapo hakuna mtu mwingine, anaigawa nafsi yake mara mbili ili apatikane msemaji na msikilizaji.

Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alitunga utendi wake mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Mwanzoni mwa utendi anaeleza kwamba maradhi yamemshika hata mwaka ukatimia, naye hajapata nafasi ya kumwambia mwanawe neno jema. Kisha anamwita aje akae na wino na karatasi. Baada ya miaka michache tu alikuwa ameaga dunia. Wahakiki wamejadili sana yaliyomo, hasa mafunzo juu ya utii wa mke kwa mume, na mjadala huo ni wa haki. Hata hivyo, msomaji asiyekubaliana na hata ubeti mmoja wa mafunzo hayo hawezi kukana kilichotendeka. Mgonjwa ambaye siku zake zilikuwa zikihesabika aliyapa maradhi yake kazi ya kufanya. Hakutafuta maana ya kifo, alitafuta wino.

Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki Juni 1962, aliifuata njia hiyo hiyo kwa namna yake. Aliwaandikia wanawe mausia katika Utenzi wa Hati, uliokusudiwa binti yake, na Utenzi wa Adili, uliokusudiwa mwanawe wa kiume. Alipofikia umri wa utu uzima aliandika habari za maisha yake na kuiita sehemu ya pili Baada ya Miaka Hamsini. Neno baada katika anwani hiyo si dogo. Mtu aliyevuka miaka 50, ambaye hakujaliwa kufika 54, aliutazama umri huo kama mwanzo wa jambo linalostahili kuelezwa kwa wengine.

Riwaya ya Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1974, imewekwa na wahakiki wengi katika udhanaishi, na chanzo chake kikatafutwa Ulaya. Huenda ni kweli. Lakini yaweza pia kusomwa kutoka ndani, kama riwaya ya mtu ambaye wosia umekatika mikononi mwake. Kazimoto ni msomi wa chuo kikuu. Maneno ya wazee wake hayamwingii tena, na yeye hana neno analoliamini kiasi cha kumwachia mwingine. Mwisho wake ni kujiua. Maswali yake juu ya maana ya maisha si mapya. Yanafanana na yale ya Al-Inkishafi. Kilichopungua ni wa kusemezwa.

Uzee na mwenye kuuita

Kiswahili hutofautisha kwa makini kati ya kuzeeka na kuchakaa. Nguo huchakaa, jembe huwa kuukuu, mtu huzeeka. Tena mzee si jina la hali ya mwili tu, bali ni wito. Kijana aliyepewa heshima huitwa mzee, na mkongwe asiye na wa kumwita hubaki na ukongwe wake. Kuna mzee wa mtaa, mzee wa kanisa, wazee wa baraza. Neno hilo lasimama vyema likiwa na -a unganifu mbele yake: ni mzee wa watu fulani.

Mwanafalsafa wa Kenya, John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969, aliyachukua maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, kueleza fikra za Waafrika juu ya wakati. Alieleza kwamba aliyekufa huendelea kuwamo katika Sasa maadamu wapo wamjuao kwa jina, kiasi cha vizazi vinne au vitano, kisha huzama katika Zamani. Maelezo hayo yanakubaliana na rai ya makala haya: aliyekufa huishi kwa kutajwa. Lakini Mbiti alidai pia, akitegemea njeo za vitenzi vya Kikamba na Kikikuyu, kwamba Mwafrika wa jadi hakuwa na wakati ujao wa mbali. Dai hilo limepingwa na wengi, na Kiswahili kinalo pingamizi lake. Msamiati wa ukoo una mwana, mjukuu, kitukuu, kilembwe na kilembwekeza. Hivyo ni vizazi vitano vinavyokwenda mbele, vyenye majina kabla ya kuzaliwa. Lugha imeandaa viti kwa watu ambao mzee hatawaona. Hakuna haja ya kuwataja wasiokuwapo kwa jamii isiyofikiri watakuwapo.

Isidhaniwe hata hivyo kwamba heshima iliyomo katika neno hulinda uhai wa mtu. Kwa miaka mingi katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, mara nyingine kwa sababu ya macho yaliyokuwa mekundu kwa moshi wa kuni na samadi. Katika kaunti ya Kilifi nchini Kenya, wazee wa kiume wamepatwa na mkasa huo huo, na nyuma ya tuhuma mara nyingi huwako mgogoro wa ardhi. Magazeti ya Tanzania yamezoea kuyaita matukio hayo mauaji ya vikongwe. Ngeli ya KI-VI haina hatia kwa yenyewe, kwani kijana na kiongozi wamo humo. Lakini kikongwe ni jina la mtu anayetazamwa kutoka nje. Hakuna amwitaye mamaye mzazi hivyo. Anayeuawa amekwisha kuacha kuwa bibi wa fulani muda mrefu kabla ya kuuawa, na habari inapoandikwa haimrudishii jina hilo.

Serikali nazo zimelazimika kuufafanua uzee. Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya mwaka 2003 ilimtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 au zaidi. Zanzibar ilianzisha Pensheni Jamii mwaka 2016 kwa watu wenye umri wa miaka 70 na kuendelea, na Kenya iliweka utaratibu unaokaribiana na huo kwa wenye umri huo kupitia mpango wa Inua Jamii mwaka 2018. Hatua hizo ni za kusifiwa, kwa kuwa mwenye njaa hashibi kwa kuitwa mzee. Ila msomi wa lugha hana budi kuangalia kwamba fasili ya miaka humjua mzee bila ya kumjua mtu wake. Yaweza kumfikishia fedha. Haiwezi kumfikishia msikilizaji.

Pingamizi moja

Rai hii inakabiliwa na pingamizi zito, nalo halitoki nje bali katika sarufi ile ile iliyosifiwa. Ikiwa maana ya kifo hukaa kwa mfiwa, je, afaye mwenyewe yu wapi? Katika sentensi ya -fiwa amesukumwa nyuma. Katika maisha pia mara nyingi husukumwa nyuma. Ni jambo la kawaida hospitalini daktari kuwaita jamaa pembeni na kuwaeleza hali ya mgonjwa, nao wakarudi kitandani na nyuso za kawaida wakamwambia atapona. Shauri la matibabu, la safari, hata la mahali pa kuzikwa, hufanywa juu ya kichwa chake. Methali husema maiti haulizwi sanda. Kosa ni kuitumia methali hiyo kwa mtu ambaye angali hai.

Pingamizi hili ni la kweli, na ndilo linaloonyesha kwa nini wosia ni wa lazima. Kufiwa ni upande mmoja tu wa uhusiano. Upande wa pili ni kuusia, na katika kuusia anayeondoka ndiye msemaji. Wengine hukaa wakasikiliza. Jamii inayoshika upande wa kwanza na kuuacha wa pili huwa hodari wa mazishi na dhaifu wa kuuguza. Istilahi tiba shufaa, inayotumika Tanzania kwa huduma ya wagonjwa ambao maradhi yao hayatarajiwi kupona, inafaa kutajwa hapa. Shufaa ni uombezi, mtu kusimama kwa ajili ya mwenziwe. Waliolichagua neno hilo hawakusema tiba ya mwisho wala tiba ya kutuliza maumivu tu. Walitia mtu wa pili ndani ya istilahi. Lakini mwombezi asiyeuliza anachotaka anayeombewa bado hajafanya kazi yake.

Hitimisho

Mambo mawili yanafuata kwa wataalamu wa Kiswahili. La kwanza ni la kikamusi. Haitoshi kuyapachika maneno ya kifo alama ya tasfida. Yapasa kuelezwa nani husema neno gani, mbele ya nani, na juu ya marehemu wa uhusiano gani naye. Kwa maana hapo ndipo ilipo tofauti kati ya kufariki na kukata kamba, na kati ya mzee na kikongwe.

La pili ni la utafiti wa uwandani, nalo ni zito zaidi. Amadou Hampâté Bâ wa Mali alikifananisha kifo cha mzee wa Kiafrika na kuteketea kwa maktaba, katika kauli aliyoitoa UNESCO mwaka 1960. Kauli hiyo imewatuma wanafunzi wengi vijijini na vinasa sauti, na faida yake ni kubwa. Lakini ina hatari yake. Maktaba husomwa na yeyote aingiaye, na haimchagui msomaji. Mzee huchagua. Mtafiti humwendea na orodha ya ngano, methali na msamiati wa ufundi, humwita mtoa habari, humshukuru na kuondoka. Ni nadra kumwuliza yeye mwenyewe angependa kusema nini, na kumwambia nani. Matokeo yake ni hazina kubwa ya fasihi simulizi iliyokusanywa kutoka kwa wazee, na akiba ndogo sana ya maneno waliyotaka wao kuyaacha.

Swali hilo moja lingeweza kuongezwa katika kila hojaji, tena lisiwe la mwisho, wakati mzee amekwisha kuchoka. Huenda jibu likawa refu kuliko hojaji nzima, na huenda likawa halimhusu mtafiti hata kidogo, bali mjukuu aliyeko mjini ambaye hajaonekana kwa miaka. Katika hali hiyo wajibu wa mtafiti ni kulipeleka. Mwana Hashima aliitwa na mamaye aje na wino na karatasi. Wengi wa wazee wa leo hawana wa kumwita, na aliye na wino mara nyingi ni mgeni.